Kiwambo cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu nimemwonea wivu tangu tungali watoto, na leo sote wawili tuna mvi na bado namwonea. Nasema mapema msomaji asije akapata tabu ya kunichunguza. Watu wa rika langu wakishika kalamu hupenda kuandika kwamba walisamehe, wakashukuru, wakatosheka. Mie sikutosheka.

Tulipofika Oman kutoka Unguja, mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kushika kazi na yeye mdogo wa kutosha kukaa darasani. Basi yeye akaenda skuli, na mimi nikaenda kwenye karakana ya fundi mmoja hapa Ibra kujifunza kuchomelea mabomba ya moshi ya magari. Hakuna aliyenidhulumu, ndivyo mambo yalivyokaa. Yeye akapata cheti, akapata kazi ya wizara, akajenga Nizwa, na akapata ile sauti ya watu waliosoma, ya chini na ya taratibu, ambayo ukiisikia unajiona wewe unapiga kelele hata unapotoa salamu. Mimi nikapata karakana yangu mwenyewe. Nusu ya magari ya mkoa wetu wa Sharqiyah yamepita chini ya mikono yangu. Gari ilikuwa ikipita barabarani, nami nimekaa ndani nakula, naweza kusema sailensa ile niliitengeneza mimi au aliiharibu mwingine.

Nasema ilikuwa, kwa sababu masikio yamekwenda. La kushoto limekufa kabisa. Nusu yake imeliwa na nyundo na mashine ya kusagia chuma, nusu imeliwa na bunduki. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia, akishalaza shavu kwenye kitako, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mtutu. Daktari, binti mdogo wa kutosha kuwa mjukuu wangu, aliniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Babu, hili kulia bado iko. Lakini ukipiga tena bila kuzuia sauti, hili pia kwisha." Nikamwambia nimeelewa. Nikatoka, Ijumaa iliyofuata nikaenda kupiga.

Niseme habari ya hizi bunduki. Tuna kilabu cha shabaha nje ya mji, njia ya Bidiya. Bunduki zetu ni za kuwindia, lakini kuwinda kumekatazwa, na vizuri kukatazwa, maana paa walikuwa wanamalizika. Sisi tunawinda mabati. Nimeyakata mwenyewe karakanani kwa sura ya paa na ya mbuzi wa mlimani, nikayapaka rangi nyeupe, na kila mmoja nikamtia pembe ingawa pembe zinang'olewa na risasi kila wiki na kila wiki narudi kuzichomelea. Mdogo wangu aliwahi kuniambia kwamba pembe za mbuzi wangu zimepinda upande usio wake. Alikuwa ameziona kitabuni.

Kila mwaka wakati wa baridi, vilabu vya kwetu na vya mkoa wa Dakhiliyah hukutana mlimani Jabal Akhdar. Kila nyumba hutoa mtu mmoja tu, na mtu huyo hupewa risasi tano. Ukipiga tatu umeitoa nyumba yako kimasomaso. Anayeipigia nyumba ndiye anayekaa mbele ya mkeka, na kahawa inaanzia kwake, hata kama pana waziri mstaafu nyuma yake. Nyumba yetu, tangu tuingie katika mashindano hayo, naipigia mimi. Wizara yote ya mdogo wangu, na vyeti vyake, na nyumba yake ya ghorofa, vilikuwa vinakaa nyuma ya bega langu vikingojea kikombe kinipite mimi kwanza. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Kingine sikuwa nacho cha kumshinda.

Sasa siku moja akaja kilabuni, bunduki yake imerefuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hilo nini umelibandika mbele, bomba la shisha?"

"Kiwambo cha sauti. Nimekiombea kibali, kilabu kimekiagiza. Karibu ujaribu."

"Piga wewe. Mie nitasikiliza na hili moja nililobakiwa nalo."

Hata hivyo akavaa na vifuniko vya masikio, akalala, akapiga. Haikunyamaza kama kwenye sinema. Risasi bado ilipasua hewa kule mbele. Lakini ule mlipuko unaokuzaba kofi la uso haukuwapo. Ilikuwa kama mtu kafunga mlango wa gari mpya. Na mtutu haukuruka. Bati likalia, ting, na wote pale tukalisikia likilia, jambo ambalo kwa bunduki zetu huwa halipatikani, maana mlio wa bunduki hufunika mlio wa bati.

Wazee wakamzunguka. "Maashallah." "Hebu tuone." "Kizuri, wallahi." Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu changu kisichokuwa na kamba.

Nikaenda nyumbani sina raha. Mke wangu akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia sikula kitu. Akasema, "Basi mdogo wako kanunua kitu." Tumekaa pamoja miaka mingi mno.

Bunduki alipoinunua yeye, nami nilinunua ya namna ile ile, isipokuwa kitako changu ni cha mti mzuri zaidi. Kwa hiyo na kiwambo ningenunua, na changu kingekuwa kikubwa zaidi. Huku kiwambo hakinunuliwi kama tochi. Kilabu ndicho kinachoagiza, kinaandikwa kwenye kibali cha bunduki yako, na ukimaliza kupiga kinarudi kabatini chini ya ufunguo wa mtunza silaha. Mtunza silaha wetu ni Mbaluchi mmoja mzee asiyecheka. Akanifungulia kitabu chenye picha, na mdogo wangu akakaa karibu yangu kunisomea bila ya kuombwa.

"Cha kwanza utazame tundu lake lilingane na risasi yako. Cha pili hesi, hizi nyuzi za kukazia, ziwe sawa na za mtutu wako, na kikishakaa kinyooke, kikipinda hata unywele risasi itagusa ukuta. Halafu uzito. Wewe unapiga umelala na umekaa, lakini mikono yetu si ya ujana, kaka. Chukua chepesi na kifupi. Kitapunguza sauti chini kidogo ya kile kirefu, lakini hutakibeba kama gogo."

"Na kile je?" Nikatia kidole kwenye kikubwa kuliko vyote, cha chuma kitupu, kinene kama mkono wa mtoto.

"Kile ni kizito. Kitaulemea mtutu. Kile wanafungia bunduki inayokaa mezani."

"Yakhe, wewe umesoma mambo ya ofisi. Haya ni mabomba. Sailensa ni sailensa. Ndani mna vyumba, moshi unaingia unazunguka unachoka unatoka. Kikubwa kina vyumba vingi. Ulishaona trela lina sailensa ya pikipiki?"

Mbaluchi akanitazama, akamtazama mdogo wangu, akaandika nilichosema.

Na kuhusu mabomba nilisema kweli. Isipokuwa trela halibebi sailensa yake begani. Kilipokuja na nikakifunga, bunduki yangu ikainama mbele kama punda anayekunywa maji. Nilichoka kabla sijapiga. Lakini sauti, wallahi, ilishuka, na mtu akiniuliza vipi, nilijibu, "Tamu." Na nilikuwa nikiangalia kule alikolala mdogo wangu na kale kake kadogo, mkono haumtetemeki, na nikajisemea moyoni maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kisha yakaja mambo ya kukitunza. Mdogo wangu kila akimaliza kupiga alikuwa na ibada yake. Kwanza anakiacha kipoe. Anakifungua, hakiachi kwenye mtutu hata kwa dakika za kunywa chai, maana, anasema, baruti ikiungua huacha unyevu na chumvi ndani, na unyevu ule ukiachwa unarudi kwenye mtutu unaota kutu. Anakipangusa, anakisimamisha kabatini kwenye kitambaa mpaka kikauke. Hesi anazisafisha kwa mswaki wa zamani, anatia tone moja la mafuta ya bunduki, tone moja kwelikweli, kama mtu anayetia dawa ya jicho. Kabla ya kupiga anakaza tena, na katikati ya kupiga anapitisha mkono kuona hakijalegea. Na ana kijidaftari cha kuhesabu risasi, ili ajue lini kimejaa masizi.

Mimi nikimtazama nilikuwa nikicheka kwa sauti, ili asikie. "Tone moja! Ofisini kwenu walikuwa wanakugawieni chai hivyo hivyo?"

Changu mie nilikitia mafuta ya nazi.

Usicheke. Dada yetu wa Unguja hutuletea chupa kwa kila anayesafiri, na kwetu hakuna kitu ambacho mafuta ya nazi hayakitibu. Mama alitupaka sisi, akapaka bawaba za mlango, akapaka cherehani. Hapa Ibra nimeyatia kwenye makufuli, kwenye mkasi wa bati, kwenye magoti yangu. Nikayamimina ndani ya kiwambo, nikakizungusha, nikapaka na kwenye hesi. Nikaona bora nisikifungue kabisa, ya nini kukifungua kila mara na kuzichosha nyuzi, Mbaluchi akaniwekea bunduki kabatini na kiwambo chake juu yake. Alisema neno moja kwa Kibaluchi. Miezi yote ya joto kikafanya kazi. Kilitoa moshi kidogo na harufu, basi. Nikamwambia mdogo wangu, "Unaona? Na wewe na vitambaa vyako." Akasema, "Vizuri, kaka." Hilo "vizuri" lake linaniudhi kuliko tusi.

Wakati wa mashindano ulipokaribia, watu wakaanza maneno. Vijana wa nyumba yetu, na wake zao pia, walikuwa wakisema mzee ameshachoka, masikio hana, kwa nini mwaka huu asipige mdogo wake, ambaye kilabuni hakosi? Hawakuniambia mimi. Walimwambia mke wangu, wakijua atanifikishia. Nikawakusanya siku ya Ijumaa baada ya chakula, nikasema mbele yao wote, na mdogo wangu yupo anamenya chungwa: "Mwaka huu napiga mimi. Nikipata chini ya tatu, nafasi ni yake, mwakani na miaka yote, sitaiuliza tena." Yeye akasema, "Kaka, hapana haja." Nikamwambia, "Haja ipo."

Tukapanda Jabal asubuhi. Ibra wakati ule unavaa kanzu na huhisi kitu. Kule juu pumzi zilikuwa zinatoka kama moshi wa chetezo, na maji yaliyomwagika kwenye matuta ya mawaridi yalikuwa yameganda pembezoni. Mbaluchi alizileta silaha kwa gari ya kilabu, nyuma, kwenye masanduku ya bati. Zimelala na baridi njia nzima.

Yeyote aliyewahi kupika kwa mafuta ya nazi anajua yanavyokuwa yakipata baridi. Yanakuwa meupe, magumu, kama nta. Mke wangu anajua. Mtoto wa jikoni anajua. Mimi ninajua, nimeyaona maisha yangu yote kwenye chupa. Lakini sikuunganisha chupa ya jikoni na bunduki. Kichwa changu kilikuwa kwenye kikombe cha kahawa na nani atakipokea kwanza.

Wakaita nyumba yetu. Nikalala, nikavaa vifuniko, nikatia shavu. Mbuzi wa bati, mmoja wa wale niliowakata mimi, alikuwa ng'ambo ya korongo, mweupe. Nikavuta pumzi, nikapiga.

Bunduki ikatoa wingu. Si moshi, wingu zima jeupe, likanifunika kichwa na mabega, sikuona mbuzi wala mlima. Na harufu! Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama asubuhi ya Idi, nazi inaungua kwenye karai.

Kisha mzee mmoja wa Samail, naye kazaliwa Unguja kama sisi, akapaza sauti kwa Kiswahili:

"Jamani, nani anakaanga mandazi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Waliokuwa hawajui Kiswahili wakatafsiriwa, wakacheka kwa zamu yao. Bati halikulia. Nikapiga ya pili kwa hasira, bila kungoja wingu liondoke, nayo ikaenda kwa Mungu.

Zimebaki tatu. Na mimi nahitaji tatu.

Mwamuzi akasema nina haki ya kutengeneza silaha, dakika kumi. Nikashika kiwambo nikifungue. Hakikufunguka. Masizi ya miezi na nazi iliyoganda vimeshikamana kwenye hesi, na chuma kilikuwa baridi kinang'ata viganja. Mikono hii imefungua nati zilizoota kutu baharini Sur, magari yaliyokaa ufukweni mwaka mzima. Kile hakikufunguka. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, jasho linanitoka katika baridi ile, na kwa jicho la pembeni nikaviona viatu vya mdogo wangu vinakuja. Viatu safi.

Mbaluchi alishaitoa bunduki risasi na kuiacha wazi nyuma kama inavyopasa. Mdogo wangu akavua kitambaa chake cha kichwani, akakizungusha kwenye kiwambo, akamwita mtu wa kahawa. Akamimina buli zima la kahawa ya moto juu ya kitambaa.

"Sasa mandazi na kahawa," akasema yule wa Samail.

"Nyamaza, usije ukanyimwa," mdogo wangu akamjibu, na watu wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Hilo pia nililiona. Hata kuniokoa aliweza kuniokoa kwa adabu.

Kiwambo kikalia, kikazunguka, kikatoka. Ndani kilikuwa cheupe na cheusi kama tumbo la pweza. Nikakiweka chini. Ilibaki kupiga mtutu mtupu, kama zamani, vifuniko peke yake havitoshi, na nikajua gharama yake, ile sauti ya binti daktari ilikuwa wazi kuliko ya mwamuzi. Hili pia kwisha.

Mdogo wangu akafungua mfuko wake, akatoa kiwambo chake. Kikavu, kinang'aa, hesi zina lile tone moja. Akamtazama Mbaluchi, Mbaluchi akatazama karatasi zake, akamwuliza mwamuzi, mwamuzi akakubali kwa vile bunduki ni za namna moja na zimeandikwa kilabu kimoja.

"Chukua, kaka."

Nikikaa nikafikiri vitu vyote nilivyowahi kumwonea wivu, vitabu, sauti yake, ghorofa yake, meno yake ambayo bado ni yake, hakuna kilichonikaa kooni kama kile kichuma kidogo katika kiganja chake. Nilitaka kukikataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikikataa, nafasi inakwenda kwake, na nikipokea, nafasi inabaki kwangu kwa kitu chake. Kote kote yeye.

Nikakipokea.

"Ni chepesi kuliko chako," akaniambia, akiinama upande wa sikio la kulia. Anajua ni lipi. "Mtutu hautainama, kwa hiyo utapiga juu kidogo. Lenga tumbo, utapata bega."

Nikalala. Bunduki ilikuwa imerudi kuwa bunduki, inakaa mkononi, hainivuti. Nikalenga tumbo. Ting. Nililisikia mwenyewe. Miaka mingapi sijalisikia bati langu mwenyewe likilia? Nilipitisha mkono kwenye kiwambo kuona hakijalegea, kama afanyavyo yeye, kisha nikapiga ya nne. Ting. Ya tano nikakaa nayo muda mrefu mpaka mwamuzi akakohoa. Nikaipiga, na pembe ya kushoto ya mbuzi ikaruka, ile iliyopinda upande usio wake.

"Imehesabiwa," mwamuzi akasema. "Tatu."

Nikakaa mbele ya mkeka. Kahawa ikaanzia kwangu. Nikanyanyua kikombe, na nyuma yangu nikawasikia wanasema, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili: "Kiwambo kile, maashallah, kiwambo kile!" "Cha nani?" "Cha mdogo wake. Mtu hodari, anajua kutunza vitu." Yule wa Samail akaniuliza kama tunaweza kumwomba mdogo wangu aje kuwafundisha vijana wao. Nikamwambia amwombe mwenyewe, ana mdomo.

Tukateremka kwa gari yake. Aliendesha yeye, taratibu, gia ya chini, kama wanavyoagiza kwenye mabango. Mimi nilikaa kulia kwake, sikio langu bovu limemwelekea. Nilikuwa nikitazama nje na kuwaza kwamba nimeshinda, na mwenye ushindi ni yeye, na mwakani nitalazimika kununua kama kile kile, na watu watasema nimemwiga.

Tulipokaribia kituo cha askari chini ya mlima, akapunguza mwendo, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Umepiga wewe, kaka. Si kiwambo."

Nilisikia. Lile la kulia bado lipo, na ndani ya gari palikuwa kimya.

"Ati?" nikasema.

"Nimesema umepiga wewe. Si kiwambo."

Nikatia mkono nyuma ya sikio. "Sikusikii. Ati nini?"

Akateremsha kioo ili amsalimie askari, akanigeukia mimi kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake nikamsikia mdogo wangu anapiga kelele kama mtu wa karakana:

"UMEPIGA WEWE! SI KIWAMBO! WEWE!"

Askari alitutazama wote wawili. Nikamwinulia mkono, nikamwambia kwa Kiarabu kuwa hakuna neno, mzee huyu ni mdogo wangu, na ana tabia ya kusema kwa nguvu.